Kitabu Kilichovaa Nguo ya Mwenzake

Ukimwuliza mama wa fotokopi, atakwambia kwamba Bi Gundi aliruka kamba ya mlinzi.

"Na ndala mkononi!" anaongeza, huku mashine yake ikitema karatasi. "Mtandio huku, yeye kule. Anapiga kelele, 'Nirudishieni kitabu, mtaua mtu!' Madaktari wakatoka mbio wakidhani kuna aliyekata roho. Akamfuata profesa mzima, akamtia mkono mfukoni, akachomoa kitabu. Nimeona kwa macho yangu haya, sijahadithiwa."

Macho hayo yaliona kwa njia gani ni swali jingine, maana kati ya kibanda cha fotokopi na mlango wa wodi kuna kona mbili, ukuta na jengo zima la maabara.

Bi Gundi mwenyewe yupo meza ya pili kutoka hapo na anasikia kila neno. Habishi. Analamba ncha ya uzi, anaupitisha kwenye tundu la sindano, anaufunga fundo.

"Kamba niiruke na goti hili?" anauliza bila kuinua uso. "Mwacheni jirani yangu. Bila mimi angesimulia nini?"

Asubuhi bado ni changa. Lango la chini la hospitali limefunguliwa, na wanafunzi wa udaktari wanapita wawili wawili, makoti meupe yamekunjwa mkononi ili yasishike vumbi. Mezani kwa Bi Gundi kuna sufuria ndogo ya gundi ya unga wa ngano, aliyoipika nyumbani na bado inatoa mvuke. Kuna wembe, msasa, mbao mbili za kubania vitabu, na juu ya mbao hizo pasi kuukuu ya mkaa iliyoacha kunyoosha nguo zamani. Siku hizi kazi yake ni uzito tu.

Nyuma yake, kwenye rafu ya mbao za makreti, wamesimama wagonjwa wake. Ndivyo anavyoviita vitabu. Vingine havina mgongo, vingine vimepoteza kurasa za mwanzo, kimoja kiliwahi kumwagiwa dawa ya kuua vijidudu na mpaka leo kinanuka wodi.

Bi Gundi hununua vitabu vya udaktari kwa wanaomaliza masomo, huvishona upya, kisha huviuza kwa wanaoanza. Kazi hiyo haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya watu wawili, na mwenzake wanafunzi walimwita Mzee Toleo.

"Mimi nilikuwa mikono," anasema. "Macho yalikuwa yake."

Walikutana akiwa msichana anayeshona sare za shule kwenye duka la fundi mmoja. Siku moja kijana mwembamba aliingia na kitabu kinene kilichokatika katikati, akakiweka juu ya cherehani kama mtu anayemlaza mtoto anayeumwa.

"Nikamwambia, kaka, hapa tunashona sare. Akanijibu, na huyu naye ni mwanafunzi, amechanika mgongo." Bi Gundi anacheka mpaka anaiweka sindano chini. "Fundi wangu akaniambia nimfukuze. Nikamshonea. Nilishona vibaya, mshono wa suruali kabisa. Lakini alirudi na kingine. Na kingine. Nikaanza kujiuliza, huyu vitabu anavichana mwenyewe?"

Alikuwa hachani. Alikuwa anavikusanya kwa wanafunzi wa chuo cha udaktari walioviacha mabwenini, na hakuwa na mtu wa kumshonea. Wakaoana, wakaweka meza langoni, na kila mmoja akashika upande wake.

Upande wa mzee ulikuwa kujua kitabu kipi ni kipi. Vitabu vya udaktari hubadilika. Kila baada ya miaka kadhaa hutoka toleo jipya, na ndani yake dawa iliyosifiwa jana huenda leo imewekwa kando. Kwa hiyo wakati wa kufumua vitabu, mzee alikaa na rundo, akisoma ukurasa wa mwanzo wa kila kimoja kwa sauti. Kurasa za ndani waliziita mwili, jalada waliliita nguo. Mzee hakumpa mkewe mwili bila kumpa na nguo yake.

"Alikuwa anaita kama mtu wa mnada. 'Toleo la tatu, mwili na nguo! Toleo la tano, mwili na nguo, mgongo umevunjika!' Mimi napokea, nashona. Watu wakipita wanageuka kutazama."

Enzi hizo, kila zamu mpya ya mafunzo ya wodini ilipokaribia, wanafunzi walijipanga mpaka mbele ya fotokopi. Walikaa juu ya makreti wakisoma bila kununua, na mzee hakuwafukuza. Wengine walipasiana vitabu wakibishana, wengine walisinzia. Kuna mmoja, sasa ni daktari wa mifupa, aliyewahi kulala pale mpaka meza ikafungwa, wakamwamsha kwa kumwambia mgonjwa wake ameamka.

Zamu iliyowatia hofu kuliko zote ilikuwa ya wodi ya wagonjwa mahututi. Mwanafunzi wa zamu hiyo ulimjua kwa mbali, anasema Bi Gundi. Alitaka kununua kila kitu. Alikumbatia kitabu kinene kama tofali mbili, akachukua na cha moyo, na cha figo, na cha mapafu, kama anahama nyumba.

Hapo mzee alimnyang'anya vyote kwa upole.

"Anamwuliza, mwanangu, kule utakaa au utasimama? Mtoto wa watu anasema nitasimama. Basi hiki kinene kiache nyumbani, kitakusubiri kitandani. Haya, vaa koti lako."

Mwanafunzi alivaa koti, mzee akamtia kitabu kidogo mfukoni, kisha akamwamuru ainame mpaka chini, kama anayesoma kipimo cha mfuko wa mkojo unaoning'inia pembeni ya kitanda. Kitabu kikianguka, hicho si cha wodi ile. Kikibaki, aliambiwa akichomoe kwa mkono mmoja na atafute ukurasa kwa kidole gumba, maana mkono wa pili utakuwa na kazi. Mwisho alimwongezea kijitabu chembamba cha mashine za kupumulia, cha kusoma kabla ya kwenda.

"Ungewaona! Lango zima, makoti meupe yanainama na kuinuka. Wageni wakiuliza, hawa wanaabudu nini?"

Siku hizi foleni hiyo haipo. Mwanafunzi akisimama mezani anaangalia, anasifia, kisha anagonga simu yake kwa kidole. "Bibi, hicho ninacho humu." Zipo siku Bi Gundi hufunga meza akiwa ameuza kitabu kimoja, na zipo siku hufunga akiwa ameuza gundi tu kwa fundi viatu.

Wodi ya wagonjwa mahututi ndiyo iliyobaki kumlisha, kwa kuwa kule wanafunzi huacha simu mlangoni. Anayetaka kukumbuka jambo lazima awe na karatasi.

Na mzee aliondoka mezani.

Presha ya macho ilimwanza polepole. Kwanza alisogeza vitabu karibu na pua, halafu akavipeleka juani. Alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, halikurudi. Sasa anaona mwanga na vivuli. Anajua mtu ameingia, hajui ni nani mpaka aseme.

Hakuacha kazi siku alipopofuka. Aliacha siku alipomtajia mwanafunzi mmoja toleo lisilo lenyewe. Kijana yule alisogea, akamwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu kubwa, "Babu, hili ni la pili." Wenzake wote wakainamia vitabu vyao.

"Hakuna aliyecheka," Bi Gundi anasema. "Akaniambia usiku ule, mama, wangecheka ningebaki."

Tangu hapo akawa anakaa kwenye kiti cha uani, akisikiliza redio. Bi Gundi akawa mikono, akawa macho pia. Elimu yake ni ya msingi kama ya wengi wa umri wake. Majina marefu ya kidaktari huyasoma kwa kuyakata vipande, na kila akibanwa na kazi huangalia rangi. Jalada la buluu linaendana na mwili wenye kingo za buluu. Mara nyingi hilo lilitosha.

Halikutosha kwa vitabu viwili vya mfukoni, vya wodi ileile ya mahututi. Jina moja, ukubwa mmoja, vyote buluu. Kimoja toleo la nne, kingine la sita. Vyote viwili vilikuwa vimepoteza kurasa za mwanzo, zile zinazotaja toleo. Alivifumua mchana mmoja, akavisafisha, akavishona, na kwa kuwa mteja aliyeleta daftari la kushonwa alikuwa anamharakisha, akavivisha bila kuvisoma.

Kesho yake akaja binti mmoja, koti jipya bado lina mikunjo ya dukani. Jumatatu anaanza zamu ya mahututi.

"Dada yangu alinunua kwenu zamani," akasema. "Ameniambia nisichukue kitabu mpaka niinamishwe."

Bi Gundi anasema moyo wake ulichanua. Ilikuwa muda mrefu hajainamisha mtu. Akamvisha koti, akamtia kitabu cha kwanza, kikaanguka. Cha pili, kikaanguka na kalamu. Akamtia kile cha buluu, binti akainama, akainuka, kimetulia. Akamwambia atafute ukurasa kwa kidole gumba. Akaupata.

"Nikamwambia, toleo la sita hilo, mwili na nguo. Nilisema kwa sauti ya mzee kabisa, mpaka mama wa fotokopi akageuka. Nilijisikia kama yupo hapa nyuma yangu."

Binti akaondoka na kitabu hicho na kijitabu cha mashine za kupumulia, akiruka madimbwi kama mtoto.

Jumatatu asubuhi Bi Gundi alikinyanyua kile cha pili kutoka chini ya pasi ili akipange kwenye rafu. Kilikuwa hakifungiki. Jalada lilikuwa limekaza, kurasa zimetokeza nje kama tumbo la mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Akadhani ni gundi haijakauka. Akakibana tena, akangoja, akakinyanyua. Vilevile.

"Nikasema, hii nguo si yake." Hapo anashusha sauti. "Halafu nikakumbuka. Kile cha yule binti, wakati nakivisha, kilikuwa kinapwaya. Nikatia ukanda wa karatasi mgongoni ili kikae vizuri. Nilitia kwa mkono wangu mwenyewe, naimba."

Ule mwili mwembamba, wa toleo la nne, ulikuwa umekwenda wodini umevaa jalada la toleo la sita.

Kitabu cha historia ya tiba kikivaa nguo ya mwenzake, mtu anasahihishwa darasani, basi. Lakini mzee alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: kitabu cha zamani hakiuzwi kwa mtu wa mahututi bila kumwambia ni cha zamani. Kule, alikuwa akisema, mgonjwa hana muda wa kusubiri usahihishwe.

Bi Gundi alikifunga kile kitabu kilichobaki kwenye mtandio, akachukua wembe na uzi, akamwambia mama wa fotokopi amwangalizie meza. Akaenda. Hakukimbia. Alikwenda kwa mwendo wa mtu mwenye goti bovu na roho mkononi.

Kwenye kamba ya njia ya kwenda wodini, mlinzi alimzuia. "Mama, saa ya kuona wagonjwa bado."

"Sina mgonjwa, mwanangu. Nina kitabu."

"Kitabu kinaumwa?"

"Kimevaa nguo ya mwenzake, na mwenzake yuko ndani mahututi."

Mlinzi alimtazama. Anamfahamu tangu alipoajiriwa, lakini siku hiyo, anasimulia mwenyewe, alifikiri jua limempata bibi wa watu. Akamtolea kiti, akamletea maji. Bi Gundi akayanywa yote, akarudisha kikombe, akasema, "Asante. Sasa nipitishe."

Akampitisha. Kamba aliiinua mlinzi kwa mkono wake.

Mlangoni pa wodi alitoka sista mkuu, barakoa imeshuka kidevuni. Bi Gundi alieleza kwa kuruka ruka, mwili, nguo, la nne, la sita, mpaka sista akamshika bega.

"Mama, pumua. Humu hakuna dawa inayoingia kwa mgonjwa kwa kitabu cha mwanafunzi. Inapita kwa daktari, inapita kwangu, ndipo inamfikia. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Umepumua?"

"Bado."

Sista akaingia ndani, akarudi na binti. Macho yake yalikuwa mekundu.

Asubuhi ile, wakizunguka vitandani, daktari bingwa alimwuliza kipimo cha dawa ya kupandisha presha kwa mgonjwa wa kitanda cha kona. Binti akachomoa kitabu kwa mkono mmoja kama alivyofundishwa, akasoma. Daktari akatikisa kichwa. Akasema hayo ndiyo waliyofundishwa wao zamani, siku hizi sivyo. Akaomba kukiona, akakuta jalada la toleo jipya, akamrudishia. "Basi umesoma mstari usio wake," akamwambia, wakasogea kitanda kingine.

"Bibi, nilisoma ule mstari mara tatu," binti akamwambia pale kwenye korido. "Nikadhani hofu imeniharibu. Nikasema kama kusoma tu nimeshindwa, udaktari nitauweza?"

Bi Gundi alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, akatoa wembe, akavivua vitabu vyote viwili palepale mbele ya wenye wagonjwa wao. Gundi ilikuwa bado mbichi, majalada yakatoka bila kupasuka. Mwili wa toleo la sita akaufunga kwa uzi, mizunguko miwili na fundo.

"Nitakuvishia kesho. Leo kipo uchi."

"Kikae uchi tu, Bibi. Nina kazi nacho sasa hivi." Binti akakitia mfukoni. Akainama, kwa mazoea au kwa utani, akainuka. Kimebaki. Wakacheka wote, na mama mmoja aliyekuwa benchini na mgonjwa wake ndani akacheka nao, bila kujua wanacheka nini.

Kabla ya kurudi ndani, binti aligeuka. Anakwenda kumwonyesha daktari bingwa vitabu vyote viwili, akasema, ili ajue kwamba mstari aliousoma ndio ulioandikwa mle. Akamwomba Bi Gundi yale majalada mawili na mwili wa zamani kwa dakika chache. Aliporudisha, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Amesema nastahili kuombwa radhi," akanong'ona. "Ameniomba mwenyewe. Na ameuliza, yule babu wa kuinamisha watu bado yupo?"

Bi Gundi alitembea na swali hilo mpaka nyumbani.

Nyumba yao ni vyumba viwili na ua wa saruji. Mzee Toleo alikuwa kwenye kiti chake, redio magotini, anasikiliza mtu anayesoma bei za sokoni. Alizima aliposikia ndala.

"Umewahi kufunga," akasema.

"Nimewahi."

Akamweleza. Hakuficha ukanda wa karatasi. Hakuficha kuimba. Mzee alisikiliza huku kichwa kimeinama, kama zamani alivyokuwa akisikiliza mwanafunzi anayeeleza atakachokisoma.

"Kilipwaya, ukakitilia karatasi," akasema mwishowe.

"Nikakitilia."

"Nguo ilikuwa inakuambia, mama."

"Iliniambia. Mimi nikaizidi sauti."

Mzee akacheka kidogo puani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka jambo la vitabu. Bi Gundi akamwekea mkononi ule mwili wa zamani, ulio uchi, kwa kuwa hakujua pengine pa kuuweka. Mzee akaupima kwa kiganja, akapitisha kidole gumba ukingoni, kurasa zikapiga kelele ndogo kama mbawa za njiwa.

"La nne," akasema.

"Nimekwambia mimi."

"Ungeninyamazia ningejua. La sita limeongezewa sura mbili za mashine. Huyu ni mwembamba, na karatasi yake ni laini. La tano walitumia karatasi mbovu."

Bi Gundi akakaa chini, kwenye kizingiti. Alikuwa na mpango, na alikuwa ameupanga njia nzima. Anataka kuweka kiti cha pili mezani, upande wa kivuli. Anataka yeye asome kwa sauti kilichoandikwa, taratibu, vipande vipande, na mzee ashike mwili kwa mkono mmoja na nguo kwa mkono mwingine, aseme kama vinajuana. Anataka waanze na vitabu vya wodi ile moja kwanza, vyote vilivyobaki kwenye rafu, kabla zamu inayofuata haijaanza. Na wanafunzi, wakija, wainamishwe na mzee mwenyewe.

"Akaniambia watu watamcheka," anasema leo mezani, akikata uzi kwa meno. "Nikamwambia si ndiyo ulitaka?"

Jioni ile, kizingitini, hakusema maneno mengi hivyo.

"Baba," akasema, "kesho twende wote. Mimi nitasoma, wewe utashika. Utakuja?"

Mzee Toleo aliugeuza mwili wa kitabu, akaupapasa upande wa pili. Bomba la jirani lilikuwa limeachwa wazi, maji yakimwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Bi Gundi alingoja, mikono juu ya goti lake bovu, akimtazama vidole. Mzee akanyoosha mkono wa pili, akauliza, "Na nguo yake iko wapi?"